Je, wajua? Feni ya dari haipozi chumba

Kwa miaka mingi nilikuwa na desturi niliyoiona ya busara. Saa moja kabla ya kulala nilikwenda chumbani, nikawasha feni ya dari, kisha nikafunga mlango ili ubaridi usitoroke. Niliporudi nilijitupa kitandani, nikasikia raha, na raha hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi wangu. Kumbe saa ile nzima feni ilikuwa ikikipasha joto chumba kisicho na mtu.

Joto lenyewe ni dogo, lakini ni joto. Mota ya feni nyingi za dari hula wati 50 hadi 75 za umeme ikiwa kwenye mwendo wa juu. Sehemu ya umeme huo huishia kwenye nyaya za mota, ambazo hupata moto. Sehemu nyingine husukuma hewa, nayo hewa hiyo hujikwaruza kwenye kuta na yenyewe kwa yenyewe hadi itulie, na msuguano huo nao ni joto. Ni kama kufungia ndani balbu ya kizamani ya wati 60. Kuta hufyonza sehemu kubwa, kwa hiyo hutaona tofauti. Ila mshale unaelekea juu.

Asiyeamini achukue vipimajoto viwili. Cha kwanza akiweke kikavu chini ya feni: iwake au izimwe, kitasoma vilevile. Cha pili akiviringe kitambaa cha pamba kilicholowa maji, akiweke hapohapo. Hicho kitashuka nyuzi kadhaa, na hewa ikiwa kavu kitashuka zaidi. Hewa ni ileile, upepo ni uleule. Kilichotofautiana ni maji. Mimi nilipofanya jaribio hili nilirudia mara tatu, nikidhani kipimajoto kikavu kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Hakitoki jasho tu.

Sasa tuje kwenye ngozi. Fikiria ukumbi uliojaa watu wanaotaka kutoka. Mlango uko wazi, lakini waliotangulia wamesimama palepale kizingitini wakipiga soga, kwa hiyo walio ndani hawapiti. Ndivyo ilivyo kwa jasho kwenye hewa iliyotulia. Mvuke wa kwanza unaotoka hubaki umeganda juu ya ngozi, katika tabaka jembamba la hewa yenye unyevu na uvuguvugu, nalo huwazuia wanaofuata. Upepo wa feni ni bawabu anayepita akisema, "Jamani, sogeeni mbele." Hamsukumi mtu yeyote aliye ndani. Anafagia kizingiti, basi, na foleni inatembea yenyewe.

Kila anayetoka huondoka na mzigo wa joto. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke hubeba takriban kilojuli 2,400. Mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha joto la kama wati 100, kwa hiyo jasho la mililita 150 hivi kwa saa lingetosha kuondoa lote. Sharti likauke juu ya ngozi. Linalodondoka sakafuni limejiendea bure. Tabaka lilelile la hewa hufanya pia kazi ya blanketi, na upepo ukilikunja, ngozi hupoteza joto moja kwa moja, alimradi hewa ni baridi kuliko ngozi.

Hapo kwenye "alimradi" ndipo mambo yanapogeuka. Ngozi kwenye joto huwa na nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Hewa ikizidi hapo, kukunja blanketi ni kuukaribisha moto: feni inakuletea joto kwa mkono mmoja na kukuondolea kwa jasho kwa mkono mwingine, na swali ni mkono upi una nguvu. (Oveni zenye feni huivisha haraka kwa sababu hiyohiyo, tena chakula hakitoki jasho la kujitetea.) Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapima wanaume vijana wenye afya: kwenye nyuzi 40 zenye unyevunyevu feni iliwasaidia, lakini kwenye nyuzi 47 za hewa kavu iliwazidishia mzigo. Hapa nilikosea mara ya pili, maana ningeapa kwamba kinyume chake ndicho kweli. Kwenye hewa kavu mno jasho hukauka lenyewe bila bawabu, kwa hiyo feni haina la kuongeza isipokuwa joto. Lakini hao walikuwa vijana wachache. Wazee hutoka jasho kidogo, na zipo dawa zinazolipunguza zaidi, hivyo kwao feni huacha kufaa mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 40.

Historia ya feni ya dari haina makuu, ila moja linanifurahisha: miaka ya 1880 Philip Diehl, fundi aliyekuwa akitengeneza mota za cherehani, aliining'iniza mota ya namna hiyo darini akaifunga mapanga.

Je, uiweke nyumbani? Kama kuna mahali watu huketi au kulala kwa saa nyingi, ndiyo, juu yao hasa na si katikati ya chumba kwa ajili ya mvuto. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni; dari ikiwa fupi mno kwa hilo, nunua feni ya kusimama. Mwenye kiyoyozi anaweza kukipandisha nyuzi mbili hivi na asihisi tofauti, ila asipokipandisha ameongeza matumizi ya umeme tu. Na kama dari iko chini ya mabati yaliyokaangwa na jua mchana kutwa, feni itakushushia kwanza hewa ya moto iliyojikusanya kule juu, kwa hiyo fungua madirisha kabla ya kuiwasha.

Siku hizi naiwasha nikishapanda kitandani.