Kigumba Kikienda Kombo, Usikimbilie Kilengeo

Septemba ikiingia simu yangu haipumziki. Msimu wa kuwinda kwa upinde hapa Pennsylvania unakaribia. Watu wamefanya mazoezi kiangazi kizima na mishale yao inakaa pamoja vizuri, kisha wanafunga vigumba vya kuwindia na kila kitu kinavurugika. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Lubumbashi, akalaza upinde wake juu ya meza yangu. “Fundi,” akasema, “hii mishale imelogwa. Yadi 30 tu, inapita kushoto kiganja kizima.”

Nikamwambia, Mzee, tuache wachawi kwanza, tutazame upinde.

Tuelewane majina. Ninazungumzia upinde wa kapi (compound), ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, aliouvumbua Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza yake mwaka 1969. Chembe ya mazoezi ni ile ncha nyembamba, ya duara, isiyo na makali ya pembeni. Kigumba ni kile chenye wembe mbili, tatu au nne zilizosimama imara. Kuna na vile vinavyojifungua vikimgonga mnyama. Hivyo huruka karibu sawa na chembe ya mazoezi, ndiyo maana vinapendwa na wavivu wa kurekebisha upinde, nami siku nyingine nimo katika kundi hilo. (Wasomaji wa Kenya mniwie radhi. Kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Haya ni kwa wenye leseni huku.)

Sasa tatizo lenyewe. Manyoya ya nyuma kazi yake ni kuunyoosha mshale ukiwa hewani. Ukifunga kigumba, umeweka mabawa mengine mbele. Mshale ukiachia ugwe huku mkia umeegemea upande hata kidogo, hewa inazipiga zile wembe ubavuni na kuuvuta mshale uelekee kule ncha ilikotazama. Mabawa ya mbele yanavutana na manyoya ya nyuma, na muda ni mfupi: kwa mwendo wa futi 280 kwa sekunde, yadi 30 zinakwisha ndani ya theluthi ya sekunde. Chembe ya mazoezi haina cha kukamatwa na hewa, kwa hiyo manyoya yanashinda na wewe huoni kitu. Lile kosa ulikuwa nalo tangu Juni.

Hapo ndipo watu wengi hushika ufunguo wa aleni na kusogeza kilengeo, kile kifaa cha kulengea kilichofungwa kwenye upinde. Nami nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza. Kwa yadi 20 nikagonga katikati, nikajiona bingwa. Kwa yadi 40 vigumba vikaenda pembeni tena, maana mshale unaoruka kombo huzidi kupotea kadiri unavyokwenda mbali. Kilengeo hakiwezi kunyoosha mshale. Kisogeze mwisho kabisa.

Mimi huanza na mshale, siyo upinde. Chukua mshale wenye kigumba, simamisha ncha yake juu ya ubao, uzungushe kama pia, kisha kodolea macho pale kigumba kinapokutana na mshale. Kikitikisika, mshale huo hautakwenda sawa hata upinde uwe mpya kabisa. Mara nyingi mdomo wa mshale haukukatwa sawasawa. Usugue kwa msasa kwenye kifaa cha kunyooshea, ujaribu tena. Kwa mishale sita ya Mzee, miwili ilikuwa inacheza. Mmoja ulipona kwa msasa, wa pili nikamrudishia akafanyie mazoezi.

Halafu ugumu wa mshale. Ile namba ya 340 au 400 iliyoandikwa ubavuni ni kipimo cha kupinda: mshale huegemezwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, unaning’inizwa uzito wa pauni 1.94 katikati, na ukishuka inchi 0.340 unaitwa 340. Namba ikiwa ndogo, mshale ni mgumu zaidi. Ukiongeza uzito mbele, mshale huo huo unakuwa kama umelegea, kwa hiyo kama ulifanya mazoezi na chembe ya greni 100 (kama gramu 6.5) kisha ukafunga kigumba cha greni 125, umebadilisha mshale. Uzito wa ncha mbili uwe ule ule. Hili naona limesemwa sana, na bado kila mwaka nalikuta.

Kwenye upinde wenyewe, hakikisha vizuizi vya kapi mbili vinagota kwa wakati mmoja ukivuta hadi mwisho. Mshale ukae pembe mraba na ugwe. Egemeo la mshale, pale mshale unapolala kabla ya kufyatuliwa, lianzie mahali ambapo katikati ya mshale iko takriban inchi 13/16 kutoka kwenye kiunzi (mwili wa upinde), yaani milimita 21 hivi, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Nyunyizia manyoya poda ya miguuni, piga mshale mmoja. Poda ikifutika, unyoya unagusa kitu. Kisha piga kupitia karatasi iliyowambwa mita mbili mbele yako. Tundu safi lenye alama za manyoya tu linatosha kuendelea. Karatasi ikichanika pembeni, usihangaike siku nzima hapo. Vigumba vitakupa jibu kali zaidi.

Sasa uwanjani. Piga chembe tatu za mazoezi, halafu vigumba vitatu, ukilenga doa lile lile lakini ukichomoa kila mshale kabla ya kupiga unaofuata, ama sivyo kigumba kitakata manyoya ya mwenzake na utalia peke yako. Weka alama kila ulipogonga. Usihukumu kwa mshale mmoja; tazama katikati ya kundi. Anza yadi 20, baadaye 30, halafu 40.

Kanuni ya kusogeza ni nyepesi: egemeo liende upande ule unaotaka vigumba viende. Vikipiga kushoto mwa chembe za mazoezi, egemeo liende kulia. Vikipiga chini, lipande juu. Hatua isizidi milimita moja, nusu ni bora, kisha rudia makundi yote mawili, kwa sababu chembe za mazoezi nazo zitasogea kidogo.

Kwa Mzee nilisogeza egemeo kulia kama nusu milimita. Vigumba vikakaribia, vikabaki vidole viwili pembeni. Nikasogeza tena, havikubadilika. Nikamwomba apige nami nisimame nyuma yake. Nikaona vidole vyake: alikuwa ameufumbata mpini wa upinde kama jembe. Kila alipofyatua, ngumi ilikaza na upinde ukazunguka. Nikamwambia aulaze mpini kwenye ule msuli wa kidole gumba na kuacha vidole vilegee. “Utadondoka,” akasema. Kamba ya kifundo cha mkono ipo kwa kazi hiyo, Mzee. Mishale mitatu iliyofuata iliingia yote ndani ya kikombe cha chai, pamoja na ile ya mazoezi. Kilengeo tulikigeuza dakika ya mwisho, kidogo sana.

Kuhusu kupanga wembe za kigumba zilingane na manyoya, sioni faida. Nimejaribu kwa mishale yangu, tofauti sijaiona. Muda huo tumia kunoa, au nunua wembe mpya, kwa sababu zilizopiga sponji ya mazoezi siku mbili hazifai kumpiga kulungu. Vigumba vya majaribio viwe na podo lao.

Na usimalizie kazi hii ukiwa na fulana. Alfajiri ya Novemba utakuwa na koti zito, na ugwe ukigusa mkono wa koti mshale unaondoka vibaya hata kama egemeo limekaa sawa kabisa. Mzee alirudi Jumamosi na koti lake la baridi, jua kali la Septemba likimchoma, akapiga mishale yake mmoja mmoja huku jasho likimtoka.