Kazi kwenye Kombe la Dunia si tiketi ya kutazama mechi

Wengi huamini kwamba ukipata kazi ughaibuni wakati wa Kombe la Dunia au Olimpiki, utatazama michezo bure. Ni rahisi kuelewa kwa nini: mfanyakazi yumo ndani ya uwanja.

Lakini kuwa ndani si kuwa jukwaani. Kitambulisho anachovaa shingoni huonyesha, kwa namba au rangi, maeneo anayoruhusiwa kuingia, na mpishi aliye jikoni chini ya majukwaa mara nyingi hana ruhusa ya kufika mchezo unapoonekana. Mlinzi wa jukwaani naye huupa uwanja mgongo, kwani kazi yake ni kuangalia watu. Bao hulijua kwa kelele. Zamu huanza mapema, kabla milango haijafunguliwa.

Wanaojitolea kwa kawaida hawalipwi mshahara, na wengi hujigharamia nauli na malazi. Hili ndilo huumiza zaidi.

Kabla ya kukubali, soma mkataba: saa za zamu, siku ya mapumziko, nani analipia chumba. Masharti ya kujitolea huwekwa kwenye tovuti rasmi ya mashindano. Yalinganishe na maneno ya wakala.