Je, wajua kwa nini simu huacha kusoma lebo za NFC baada ya kusasishwa?

Jana simu ilikuwa inasoma stika ya NFC, ile lebo ndogo inayosomwa kwa kugusishwa simu, bila shida. Usiku ikajisasisha, ikajizima na kujiwasha, na leo ukiigusisha kwenye stika ileile, kimya. Wengi wakifika hapo humkimbilia fundi wakiamini antena imeharibika. Mara nyingi sivyo. Antena ya NFC ni koili ya waya mwembamba iliyo mgongoni mwa simu, na hakuna sasisho linaloweza kuikata. Stika nayo haijui lolote kuhusu toleo jipya la Android au iOS. Iko vilevile ilivyokuwa siku iliyobandikwa. Kilichobadilika kiko kati ya hivyo viwili, na kwa simu za Android njia ya haraka ya kukitafuta ni kujiuliza swali moja: ukigusisha, simu inalia au hailii?

Ili swali hilo lieleweke, tuangalie kinachotokea pale unapogusisha. Lebo ya NFC haina betri. Simu hupitisha kwenye koili yake umeme wa masafa ya megahezi 13.56 na kuzalisha uga wa sumaku unaofika sentimita chache tu, kwa kawaida 4 au pungufu. Koili ya lebo ikiingia ndani ya uga huo hupata umeme wa kutosha kuiamsha chipu yake. Chipu ikitaka kujibu hairushi mawimbi yake yenyewe. Inaongeza na kupunguza, kwa mpangilio maalumu, umeme inaounyonya kutoka kwa simu, na simu inayahisi mabadiliko hayo madogo mno kwenye koili yake. Ndiyo maana kava lenye bamba la chuma, au lenye sumaku ya kushikia simu garini, linatosha kuyameza mazungumzo yote.

Simu haiwezi kuuacha uga huo ukiwaka muda wote, betri isingefika jioni. Kwa hiyo chipu ya NFC hutoa mipigo mifupi, hunyamaza, hutoa tena, huku ikipima kama kuna kitu kilichosogea na kubadilisha hali ya koili. Mabadiliko yakivuka kiwango fulani ndipo inawasha uga kamili na kuanza kuuliza: kuna lebo ya aina A hapa? Kuna ya aina B? F? V? Kwa aina A, ambayo ndiyo ya stika nyingi za madukani, swali la kwanza ni fupi ajabu: biti 7 tu. Lebo iliyo karibu hujibu kwa baiti 2. Kisha simu huomba namba ya utambulisho, ambayo kwa stika yenye chipu ya NTAG213 ni ya baiti 7, halafu ndiyo inasoma kilichohifadhiwa ndani, ambacho kwenye NTAG213 hakizidi baiti 144. Yote haya huisha kabla hujainua mkono.

Mfumo ukishaiona lebo, simu nyingi za Android hutoa mlio au hutetemeka. Mlio huo unasema kwamba antena ni nzima, chipu ni nzima, na huduma ya NFC ndani ya mfumo inafanya kazi. Baada ya mlio linabaki suala la nani akabidhiwe kilichosomwa. Jaribu ukiwa kwenye skrini ya mwanzo, simu ikiwa imefunguliwa na sauti imewashwa, kwa sababu baadhi ya app huzima mlio huo kwa makusudi zinapokuwa wazi.

Tuseme simu hailii. Hapa sasisho limegusa ngazi ya chini. Chipu ya NFC ina programu yake ndogo, tofauti kabisa na Android, na toleo jipya la mfumo mara nyingi huja na toleo jipya la programu hiyo, ambalo huhamishiwa ndani ya chipu simu inapowaka. Uhamishaji ukikwama njiani, swichi ya NFC kwenye mipangilio huweza kugoma kuwaka au kujizima yenyewe. Pamoja nayo kuna mafaili ya vipimo. Wanaopenda kubadilisha mifumo ya simu zao wanayajua vizuri kwa majina, libnfc-nci.conf na libnfc-nxp.conf. Humo ndimo kunakoandikwa nguvu ya uga, kiwango cha kuhisi kitu kilichosogea, na aina za lebo ambazo simu itaziuliza. Vipimo hivi hupangwa kufuata umbo la antena ya simu ile. Kikibadilishwa kidogo tu, unaweza kukuta simu inasoma kadi kubwa ya benki lakini haioni stika ndogo ya duara, kwa sababu koili ndogo huutikisa uga kidogo na haikifikii tena kile kiwango.

Aina ya lebo nayo ina uzito wake, na hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wapenda teknolojia peke yao. Watu wenye kisukari wanaotumia FreeStyle Libre, kihisi cha kupima sukari cha kampuni ya Abbott, hukivaa nyuma ya mkono kwa takriban wiki mbili, na wengi hukisoma kwa kukigusisha simu. Kihisi hicho ni cha aina V, kiwango cha ISO 15693, si aina A kama stika za kawaida. Simu inaweza basi kusoma kila kadi nyumbani na bado ikashindwa kukiona kihisi, kama sasisho limevuruga sehemu inayohusu aina V pekee. Kihisi kinachosomwa kwa kugusishwa huhifadhi vipimo vya saa 8 tu. Asiyekisoma ndani ya muda huo hupoteza sehemu ya kumbukumbu ya sukari yake. Abbott huchapisha orodha ya simu na matoleo ya mfumo iliyoyapima, na hushauri watumiaji wazime usasishaji wa kiotomatiki. Ushauri huo ni wa kufuatwa. Kama afya yako au ya mzazi wako inategemea usomaji huu, sasisho lisubiri hadi toleo hilo liwemo kwenye orodha, na kisomaji cha pembeni, yaani kile kifaa maalumu cha kusomea kihisi bila simu, kisitupwe.

Sasa tuseme simu inalia vizuri, ila app haifanyi lolote. Hapo mwache fundi apumzike. Lebo imesomwa, kilichopotea ni makabidhiano.

Android hutafuta mpokeaji kwa ngazi. App iliyo wazi kwenye skrini na imeomba lebo hupewa kwanza. Kama hakuna, mfumo hutafuta app inayofaa kwa aina ya taarifa iliyomo, isipopatikana hutafuta inayofaa kwa aina ya chipu, na mwisho yoyote inayokubali lebo za kila namna. Toleo jipya likibadilisha sheria moja tu katika makabidhiano haya, app iliyofanya kazi kwa miaka huonekana imekufa.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Android 12, iliyotoka Oktoba 2021. App inayotaka kupokea lebo ikiwa wazi huweza kuukabidhi mfumo kitu kinachoitwa PendingIntent. Ichukulie kama bahasha yenye anwani ya app: mfumo unatia ndani taarifa za lebo na kuirudisha. Zamani bahasha hiyo iliachwa wazi pasipo mtu kuuliza. Kwa app zinazolenga Android 12, Google ilimtaka kila mtengenezaji atamke kama bahasha inaruhusiwa kuongezwa kitu au hairuhusiwi. Sababu ilikuwa ya usalama, nayo ni ya haki, maana app nyingine yenye nia mbaya ingeweza kupenyeza kitu chake humo. Watengenezaji wengi wakafuata ushauri wa jumla, wakaandika FLAG_IMMUTABLE, yaani isiguswe. Kwenye NFC hilo linaharibu kila kitu. Mfumo unaisoma lebo, simu inalia, app inarudishiwa bahasha, na bahasha ni tupu. Dawa ni kuandika FLAG_MUTABLE, yaani iruhusiwe kuongezwa kitu, mahali hapo tu, basi.

Angalia vizuri lakini: kosa hilo halitokei siku mfumo unaposasishwa. Linatokea siku app yenyewe inapotolewa upya ikilenga Android 12 au baadaye. Na kwa kuwa app hujisasisha zenyewe kimyakimya, mwenye simu anachokumbuka ni lile sasisho kubwa lililomwonyesha skrini nyeusi, na lawama zote zinakwenda huko. Ni lawama iliyoelekezwa pasipostahili, na ndiyo inayowafanya watu wafute kila kitu kwenye simu bila faida.

Android 16, iliyotoka Juni 2025, imeleta jingine. Lebo ikiwa imebeba anwani ya tovuti inayoanza na http au https, mfumo hauitangazi tena kwa app kama taarifa ya NFC kwa jina la ACTION_NDEF_DISCOVERED. Unaifungua kama kiungo cha kawaida. App iliyozoea kuamshwa na tangazo lile inaendelea kulala, na kivinjari kinafunguka badala yake, isipokuwa kama mwenye app amethibitisha kuwa tovuti ile ni yake kupitia utaratibu wa App Links. Ukiona stika iliyokuwa ikifungua app sasa inafungua ukurasa wa tovuti, anzia hapo.

Kuna na kisa kinachofanana sana na hivi, ila chanzo chake ni kingine. Mtu ananunua simu mpya, yenye mfumo mpya, na stika zake za zamani hazisomeki. Mwaka 2012 Google ilitoa Nexus 4, na waliotoka kwenye Galaxy Nexus wakakuta baadhi ya lebo zao hazifanyi kazi, ingawa simu zote mbili ziliweza kutumia Android 4.2 ileile. Tofauti ilikuwa kwenye chipu. Galaxy Nexus ilikuwa na chipu ya kampuni ya NXP, Nexus 4 ikaja na ya Broadcom. Lebo zilizokataa zilikuwa za MIFARE Classic, bidhaa ya NXP, ambayo ngazi zake za chini zinafuata kiwango cha wote lakini juu yake inatumia lugha ya siri ya kampuni hiyo iitwayo CRYPTO1. Chipu isiyoijua lugha hiyo inaiona lebo, inapata namba yake, halafu haiwezi kuingia ndani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Galaxy S4: haikuweza kusoma TecTiles, stika ambazo Samsung yenyewe ilikuwa ikiziuza, na ikabidi itoe TecTile 2. Sasisho haliwezi kutibu hali hiyo. CRYPTO1 yenyewe ilivunjwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, mwaka 2008, kwa hiyo anayenunua stika leo sina sababu ya kumshauri achukue MIFARE Classic wakati za NTAG zinasomeka na simu karibu zote zenye NFC.

Wenye iPhone wana mambo yao. iPhone ilipata NFC mwaka 2014 kwa ajili ya malipo tu. Kusoma lebo kulifunguliwa na iOS 11 mwaka 2017, tena kwa iPhone 7 kwenda mbele na kupitia app. Kusoma bila kufungua app kulianza na iPhone XS na XR. Usomaji huo wa pili haufanyi kazi kamera ikiwa wazi, hali ya ndege ikiwa imewashwa, au kama simu haijafunguliwa hata mara moja tangu ilipowashwa. Hilo la mwisho ndilo linalowapata watu baada ya sasisho, kwa sababu sasisho huizima na kuiwasha simu: ingiza namba ya siri kwanza, kisha gusisha sehemu ya juu ya simu, kwani ndiko antena iliko. Na si kila mara sasisho ni mkosaji. Novemba 2023 Apple ilitoa iOS 17.1.1 kurekebisha tatizo la baadhi ya iPhone 15 zilizopoteza Apple Pay na huduma nyingine za NFC baada ya kuchajiwa bila waya ndani ya magari fulani.

Basi simu yako ikinyamaza, vua kava. Hakikisha NFC imewashwa kwenye mipangilio na skrini imefunguliwa. Gusisha kadi ya benki ya kugusa, au pasipoti ya kielektroniki ikiwa imefunguliwa, zile Tanzania ilizoanza kutoa mwaka 2018. Sogeza polepole, kwa sababu antena ya Android huweza kuwa katikati ya mgongo au karibu na kamera. Isipolia kwa chochote, zima NFC na uiwashe, kisha zima simu kabisa na kuiwasha upya, ili chipu ianze kazi yake mwanzo. Ikilia kwa kadi lakini si kwa stika, pata stika nyingine ya aina ileile kabla ya kuilaumu simu. Ikilia kwa vyote na app yako bado haioni kitu, weka TagInfo, app ya NXP ya kuchunguza lebo: ikiisoma lebo, tatizo ni la app, na anayepaswa kuambiwa ni mtengenezaji wake. Kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani kutazifuta picha zako na hakutabadilisha hata herufi moja ndani ya app hiyo.

Unapomwandikia mtengenezaji huyo, mtajie aina ya simu, toleo la mfumo na la app, aina ya chipu ya lebo kama TagInfo ilivyoionyesha, na kama simu ililia. Kwa hayo ataweza kujua ni ngazi ipi ya kuanza kuichunguza.