Kurukaruka hakumalizi magoti ya mtu mzima

"Mama, utavunja magoti!" Ndivyo anavyoambiwa mtu mzima wa Goma akianza kurukaruka njiani kama mtoto aliyetoka shule. Mwenye kukimbia asubuhi haambiwi hivyo, na hapo ndipo kosa lilipo.

Tazama miguu yenyewe: unapiga hatua, unajirusha kidogo kwa mguu uleule, halafu unabadili. Hatua ni fupi kuliko za mkimbiaji. Watafiti waliolinganisha mienendo hii miwili kwa kasi ileile waliona goti la anayerukaruka linabeba mzigo mdogo kuliko la anayekimbia. Gharama iko kwingine: nguvu nyingi zaidi zinatumika, moyo unapiga mbio. Na kwa mji ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, pumzi itakukatika kabla goti halijalalamika.

Eti ni utoto? Baadhi ya wanaanga wa Apollo, safari za Wamarekani, walitembea hivyo mwezini kati ya 1969 na 1972, nao ni baba za watu, na mavazi yao mazito.

Cha kuogopa Goma ni makoro, yale mawe ya volkano. Jiwe moja lililochomoza linatosha kukuteguza kifundo. Basi tafuta lami au udongo uliosawazishwa, vaa viatu vilivyofungwa vizuri, ruka kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine, kisha tembea. Goti likiwa tayari limevimba, anza kwa muganga wa hospitali. Aibu nayo inapungua mkiwa wawili, na wanaocheka mara nyingi huishia kujaribu.