Kiharusi baada ya kupimwa mishipa ya moyo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni ile dawa ya rangi, inapanda kichwani." Hili ndilo husemwa sana kuhusu dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye eksirei. Dawa hiyo ina balaa zake, hasa mzio na figo, na mara chache mno huvuruga ubongo kwa muda hadi mtu aonekane kapata kiharusi. Lakini kwa kawaida tatizo ni njia inamopita katheta, yaani mrija wa kipimo. Mrija huo, mwembamba kama milimita 2, hupitishwa ndani ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hadi kwenye midomo ya mishipa ya moyo. Kwa mzee, au mtu aliyeishi na kisukari na presha miaka mingi, kuta za aota huwa na magamba ya mafuta na chokaa. Ncha ya mrija ikikwangua, gamba laweza kumeguka, na mishipa ya kwenda kichwani inaanzia papo hapo kwenye tao la aota. Kibonge cha damu kilichoganda mrijani, au kiputo cha hewa, nacho hufuata mkondo huo huo. Ndiyo maana mrija husukutuliwa kwa maji ya chumvi kila mara.

"Basi wapitie mkononi, huko hakuna kiharusi." Mkononi damu huvuja kidogo kuliko kinenani, hilo kweli. Ila aota inayopitiwa ni ile ile, kwa hiyo hatari ya kiharusi ingalipo.

"Wengi hutoka wamepooza." Hapana. Kwa kipimo peke yake ni kama mtu 1 kati ya 1,000, au pungufu. Kikiambatana na stenti, kijibomba cha wavu kinachowekwa kutanua mshipa, idadi hupanda kidogo.

"Ukizinduka salama, yamekwisha." Kwanza huzinduki, maana kwa kawaida hulazwi usingizi; hupigwa ganzi tu pale mrija unapoingilia. Pili, dalili zaweza kuja saa kadhaa baadaye, na si lazima mdomo upinde. Mwingine huona vitu viwili viwili, huyumba, au hulitafuta jina la mwanawe asilipate. Vidole kufa ganzi chini ya bangili ya kuzuia damu inayobana kifundo cha mkono, mara nyingi ni bangili. Ulimi ukiwa mzito, mwite muuguzi sasa hivi, usingoje daktari apite asubuhi. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na aliyetoka kupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huenda asiruhusiwe kuipata. Hapo bonge kubwa huweza kuvutwa kwa mrija mwingine. Kabla ya yote kichwa hupigwa picha, kwa sababu kiharusi cha kuvuja damu hakitibiwi hivyo. Wewe uliyekaa naye utaulizwa jambo moja: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?