Programu za mtumba mtandaoni: kagua leseni kabla hujatoa hela

Tangazo lenyewe huwa fupi. Microsoft Office kamili, ya kudumu, unatumiwa kwa barua pepe ndani ya dakika 5, na bei haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya mtengenezaji. Chini yake zimejaa nyota na maoni ya wanunuzi: "Imekubali, asante sana." Maoni hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Programu ilikubali siku ile. Lakini kukubali kwake hakuthibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na kitu cha kuuza, na hapo ndipo watu wengi wanapolizwa.

Kuuza programu iliyokwisha kutumika si kosa. Mtu alinunua programu ya kuchora majengo, akabadili kazi. Mwingine alikuwa akirekodi muziki, ameacha. Kampuni imepunguza wafanyakazi, leseni kadhaa zimebaki zimekaa tu. Hao wana mali halali, na wewe unaweza kuipata kwa bei nafuu. Ila mali yenyewe ni ruhusa ya kutumia, iliyotolewa na mtengenezaji kwa masharti. Diski, boksi na ile namba ya herufi 25 (ufunguo wa kuamilisha programu, yaani kuiwezesha ifanye kazi) ni vielelezo tu vya ruhusa hiyo. Mwenye funguo za geti si lazima awe ndiye mwenye hati ya kiwanja. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza muuzaji kama programu inafanya kazi, muulize leseni yake ni ya aina gani, na kama inaruhusiwa kuhamia kwa mtu mwingine.

Aina ya leseni ndiyo inayoamua

Tuchukue mfano wa Windows. Leseni ya rejareja, ile inayonunuliwa peke yake bila kompyuta, inaweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, na hata kwa mtu mwingine, mradi aliyekuwa nayo aiondoe kwake kabisa. Leseni ya kiwandani, inayojulikana kwa herufi OEM, huja ndani ya kompyuta mpya, na kwa masharti ya Microsoft inabaki na kompyuta hiyohiyo maisha yake yote. Ukinunua laptopu ya mtumba yenye leseni hiyo, umeipata kihalali pamoja na mashine. Ukiuziwa namba yake peke yake, au stika iliyobanduliwa kwenye kompyuta iliyokufa, kwa masharti hayo hujauziwa leseni. Tangu enzi za Windows 8 kompyuta nyingi zinazotoka kiwandani na Windows hazibandikwi tena stika yenye namba, kwani namba huhifadhiwa ndani ya bodi ya kompyuta. Picha ya stika kwenye tangazo, basi, ni sababu tosha ya kusita. Isitoshe, namba ikisomeka kwenye picha, kila aliyelitazama tangazo anayo.

Kisha kuna leseni za taasisi, na huku ndiko zinakotoka nyingi ya zile bei za ajabu. Shirika au chuo hupewa ufunguo mmoja wa kuamilisha kompyuta nyingi. Aina moja, MAK, ina idadi maalumu ya kompyuta, na idadi ikiisha ufunguo umekwisha. Nyingine, KMS, haiamilishi kwa kudumu: kompyuta hutakiwa kuwasiliana na seva ya shirika angalau mara moja kila siku 180, la sivyo inarudi kuwa haijaamilishwa. Mfanyakazi mwenye tamaa akiuiba ufunguo wa namna hiyo akauuza kwa watu mia, wote mia watasema imekubali. Siku mtengenezaji akigundua kwamba ufunguo wa shirika moja unatumika mabara matatu, anaufunga, na wote mia wanabaki wakitazama onyo kwenye skrini.

Matoleo ya wanafunzi na nakala zilizoandikwa kwamba si za kuuzwa huwa na masharti yake, mara nyingi ya kukataza kuhamishwa. Michezo ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, imefungwa kwenye akaunti, na masharti ya Steam yanakataza kuuza akaunti. Programu za kulipia kwa mwezi au mwaka hazina mtumba kabisa, maana malipo yakikoma haki nayo imekoma. Adobe, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2013 kwamba inahamia kwenye usajili wa Creative Cloud, na CS6, mkusanyiko uliokuwa na Photoshop ndani yake, ikawa toleo la mwisho la mkusanyiko huo la kununua moja kwa moja. Anayekuuzia Photoshop mpya "ya kudumu" anakuuzia kitu ambacho Adobe haikukiuza.

Wapo watengenezaji waliolirahisisha jambo hili, hasa upande wa muziki. Ableton, Steinberg na Native Instruments wana utaratibu wao wa kuitoa leseni kwenye akaunti ya muuzaji na kuiingiza kwenye akaunti ya mnunuzi. Penye utaratibu kama huo, ufuate hatua kwa hatua, na muuzaji anayekwepa kuufuata muache. Kwa maoni yangu, hizi ndizo programu za mtumba zilizo salama kuliko zote, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe ni shahidi wa mauziano.

Ile inayoitwa "akaunti ya maisha"

Bidhaa moja nataka niisemee peke yake: "Microsoft 365 ya maisha, vifaa vitano". Microsoft 365 ni usajili. Ya maisha haipo. Unachotumiwa ni jina la kuingilia na nywila, na jina hilo aghalabu huishia na anwani ya chuo au kampuni usiyowahi kuisikia. Maana yake kuna msimamizi mahali fulani aliyeifungua akaunti ile. Anaweza kubadili nywila yako, anaweza kuifuta akaunti, na kwa mamlaka aliyonayo anaweza kuyafikia mafaili uliyoyaweka kwenye OneDrive (hifadhi ya mtandaoni) ya akaunti hiyo. Watu wanafurahia terabaiti nzima ya hifadhi, wanapakia vyeti, mikataba, picha za watoto, nakala za vitambulisho. Kama unayo akaunti ya namna hii sasa hivi, yatoe mafaili yako leo, mengine tutayazungumza baadaye.

Mahakama zimesemaje

Jibu linategemea ulipo. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft, muuzaji wa leseni zilizotumika, na Oracle, mtengenezaji wa programu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtengenezaji akishauza nakala ya programu kwa leseni isiyo na kikomo cha muda, hawezi tena kuzuia nakala hiyo isiuzwe, hata kama ilipakuliwa mtandaoni bila diski. Iliweka mipaka: anayeuza lazima aifanye nakala yake isitumike tena, na leseni moja ya watumiaji wengi haigawanywi ikauzwa vipandevipande. Mwaka 2016, katika shauri lililotoka Latvia, mahakama hiyohiyo iliongeza kwamba nakala ya akiba uliyoitengeneza mwenyewe kwenye diski haiuziki bila idhini ya mwenye hakimiliki, hata kama diski ya asili imeharibika.

Marekani mambo yalikwenda kwingine. Timothy Vernor alikuwa akiuza kwenye eBay nakala za AutoCAD, programu ya uchoraji ya kampuni ya Autodesk, alizozinunua kwa mteja wa kampuni hiyo. Diski zilikuwa halisi, hazikughushiwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ilisema kwamba mteja wa kwanza wa Autodesk hakuwa mmiliki wa nakala zile, alikuwa amepewa leseni tu, na leseni ilikataza kuhamishwa bila idhini. Vernor, kwa hiyo, hakuwa na haki ya kuziuza. Uhalisi wa diski haukumsaidia.

Kwa mnunuzi wa kawaida funzo la kesi hizi ni kusoma masharti ya leseni ya programu anayoitaka, hasa kifungu cha uhamishaji. Si lazima uyasome yote. Hata sisi wenye kazi hii tunaanza na kifungu hicho.

Muuzaji akuoneshe nini

Mwenye mali halali hababaiki akiombwa vielelezo. Mwombe risiti au ankara ya ununuzi wa kwanza, yenye jina la programu, toleo na tarehe. Jina ambalo leseni imesajiliwa. Na maandishi yake kwamba ameiondoa programu kwenye mashine zake na hakubaki na nakala. Anaweza kuficha tarakimu kadhaa za ufunguo mpaka malipo yakamilike, hiyo ni haki yake. Kwa programu ghali za uhandisi au usanifu, mwandikie mtengenezaji kwanza, umuulize kama leseni ya namna hiyo inahamishika na kwa fomu gani.

Mtu binafsi anayeuza leseni yake huwa na moja, pengine mbili. Mwenye akaunti ya juzi na funguo mia tano za aina moja aeleze amezipata wapi. Funguo nyingine ni za rejareja na halisi kabisa, ila zilinunuliwa kwa kadi za benki za wizi. Mwenye kadi akilalamika, malipo yanabatilishwa na ufunguo unafutwa, na anayeumia ni mnunuzi wa mwisho. Januari 2015 Ubisoft, kampuni ya michezo ya kompyuta, iliondoa michezo kwenye akaunti za wachezaji kwa maelezo kwamba funguo zake zilipatikana kwa ulaghai. Baadaye iliwarudishia waliokuwa wameshaanza kucheza, lakini huo ulikuwa uamuzi wake yenyewe, usiutegemee kwa mwingine.

Lipia ndani ya jukwaa linaloshikilia fedha mpaka mnunuzi athibitishe, na kwa njia inayokuruhusu kudai kurudishiwa. Muuzaji anayekuvuta mkamalizane pembeni kwa ujumbe wa simu anakutoa kwenye ulinzi huo. Usibonyeze kwamba umepokea kabla hujakagua.

Kuweka na kukagua

Faili la kusakinisha lichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, kamwe si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji. Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, utazame sahihi ya kidijitali ni ya nani. Muuzaji akikwambia uzime antivirasi kwanza, au umruhusu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali ili "akusaidie kuamilisha", simamisha hapohapo. Ufunguo halali hauhitaji ulinzi uzimwe. Zile programu za kukraki, yaani za kuvunja kinga ya leseni, hubeba mara nyingi virusi vya kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na ukishaziruhusu hujui zimechukua nini.

Windows ikishawekwa, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika slmgr /dli. Kitatokea kisanduku chenye maelezo ya leseni. Uliahidiwa ya rejareja, basi unatarajia neno RETAIL. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT au VOLUME_MAK, umepewa ufunguo wa taasisi. Kisha andika slmgr /xpr: itakwambia kama uamilisho ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. RETAIL peke yake haikuhakikishii kwamba ufunguo haukuibwa, ndiyo maana risiti bado inahitajika. Piga picha za skrini hizo muda wa kulalamika ukiwa bado haujaisha.

Angalia pia umri wa programu. Office 2016 na 2019, pamoja na Windows 10, zilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo bei ya chini inaweza kuwa ya haki na programu bado isikufae, kwani kwa kawaida matundu mapya ya usalama hayazibwi tena. Programu nyingine za zamani hushindwa kuamilika kwa kuwa seva za kuamilishia zimeshazimwa, hata kama kila kielelezo cha leseni kiko sawa.

Kama umeshanunua na sasa una wasiwasi, hifadhi tangazo, mazungumzo na uthibitisho wa malipo kabla ya kumwambia muuzaji chochote, maana matangazo hufutwa haraka. Fungua madai kwenye jukwaa ulilonunulia au kwa mtoa huduma wako wa malipo. Ukiwa ulisakinisha kitu kutoka kwenye kiungo chake, badili nywila zako ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, halafu benki.

Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, itoe programu kwenye kompyuta zako zote, iondoe kwenye akaunti yako kwa mtengenezaji, futa na nakala ya akiba, kisha mpe mnunuzi ankara ya asili ubaki na kivuli chake. Ukiendelea kuitumia kimyakimya baada ya kulipwa, aliyeuziwa atafungiwa, na jina lililo kwenye ankara ni lako.