Je, wajua moto wa Olimpiki huwashwa vipi bila kiberiti?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba moto wa Olimpiki ni mmoja tu, uliowashwa na Wagiriki wa kale na kutunzwa mpaka leo, ukitoka mkono huu kwenda ule. Niliwahi kubishana na mtu juu ya hilo, na ubishi nikaushinda. Kumbe nilikosea mara mbili. Moto si mmoja, na mbio zenyewe za kupokezana mwenge hazijafikisha hata miaka 100.

Tuanze na mbio. Ni kweli kule Olympia, Ugiriki, kulikuwa na moto mtakatifu uliowekwa kwa heshima ya Hestia, mungu wa kike wa meko. Ni kweli pia kwamba Athens walikuwa na mashindano ya kukimbia na mienge, ila hayo yalikuwa ya ibada zao, hayakuhusiana na michezo ya Olympia. Mwenge wa kufungulia michezo ya kale usafirishwe uende wapi, wakati michezo ilifanyika hapo hapo Olympia? Ni kama kumtuma mtu akakuletee maji ya kisima ulichokikalia ukingoni.

Olimpiki ya kisasa ilipoanza Athens mwaka 1896, hakukuwa na moto. Ulionekana kwanza Amsterdam mwaka 1928, juu ya mnara uliosanifiwa na Jan Wils, na hakuna aliyeukimbiza kutoka popote. Mbio zilikuja mwaka 1936, michezo ilipofanyika Berlin. Mwandaaji wake, Mjerumani Carl Diem, aliwapanga wakimbiaji zaidi ya 3,000 kutoka Olympia kupitia nchi saba, na serikali ya Hitler iliipenda sana picha ile ya Ugiriki ya kale ikiikabidhi Ujerumani moto. Kwa hiyo desturi inayotufanya tuwaze mahekalu na nguzo za marumaru ni ya zama za redio. Najitetea kidogo: ilitengenezwa makusudi ionekane ya kale, nami nikaiona ya kale.

Kosa la pili ni la moto wenyewe. Kila michezo huwa na moto wake, na siku ya kufunga huzimwa mbele ya watu wote. Ule wa michezo inayofuata huwashwa upya miezi kadhaa kabla, mbele ya magofu ya hekalu la Hera, mungu mwingine wa kike wa Wagiriki wa kale, kule Olympia. Mwigizaji aliyevaa kama kuhani mkuu hupiga goti mbele ya bakuli linaloakisi mwanga kama kioo cha kujitazamia, likiwa limeelekea juani, huingiza ncha ya mwenge, na baada ya muda mfupi mwenge unawaka.

Siri ni umbo la bakuli. Jua liko mbali kiasi kwamba miale yake hutufikia ikiwa karibu sambamba kabisa. Fikiria mipira mingi inayorushwa kwa pamoja, yote ikienda upande mmoja. Ikigonga ukuta ulionyooka, itarudi ikiwa imetawanyika vile vile ilivyokuja. Sasa pinda ukuta huo kwa mkunjo maalumu uitwao parabola, na kila mpira, ugonge pembeni au katikati, utadundia kwenye ndoo moja. Mahali pa ndoo ndipo ncha ya mwenge inapowekwa. Dishi la televisheni lina umbo hilo hilo, na kile kidude kilichoshikiliwa mbele yake ndiyo ndoo yenyewe.

Hesabu yake inafurahisha. Tuseme bakuli lina upana wa sentimita 40, na mwanga wote unakusanywa kwenye doa la sentimita 1. Eneo limepungua mara 1,600. Hata nusu ya mwanga ikipotea njiani, bado ncha inapigwa na jua mara 800. Haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kinajaa kwa sekunde.

Je, njia hii angalau ni ya kale? Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa karibu miaka 1,900 iliyopita, anataja vyombo vya kuwashia moto mtakatifu kwa jua. Lakini anazungumzia moto wa mahekalu ya Delphi na Athens, si wa michezo. Tusiivute habari hiyo kupita urefu wake.

Na mawingu je? Siku ya mawingu unaweza kusoma gazeti nje bila taabu, kwa hiyo mwanga upo. Tatizo ni kwamba wingu huutawanya, ukaja kutoka kila pembe ya anga. Mipira ikirushwa ovyo, hakuna ukuta utakaoipeleka kwenye ndoo moja. Ndiyo maana waandaaji huwasha moto wa akiba siku ya mazoezi na kuuhifadhi. Aprili 2024, Olympia ilipofunikwa na mawingu, moto wa michezo ya Paris ulitoka kwenye akiba hiyo.

Akiba huendelea na safari pia, ndani ya taa ndogo za kandili zinazofuatana na wakimbiaji, kwa sababu mienge huzimika. Montreal mwaka 1976, mvua iliuzima moto uwanjani na ofisa mmoja akauwasha tena kwa kiberiti cha gesi. Wenzake walipogundua, waliuzima haraka na kuuwasha upya kutoka kwenye akiba. Moto ule ule, gesi ile ile, ila mmoja ulikuwa na ukoo na mwingine hauna.

Paris walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Karai la moto wa michezo, lililopaa kwa puto juu ya bustani ya Tuileries, halikuwa na moto hata kidogo: lilikuwa ukungu wa maji uliomulikwa na taa za umeme. Moto wa Olympia wenyewe ulikuwa chini, ndani ya kandili.